Jinsi ya Kumtunza Paka Mzee Mwenye Virusi vya Lukemia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetoka kwa daktari wa wanyama na jibu kwamba paka wake mzee ana virusi vya lukemia, akafika nyumbani asijue aanzie wapi. Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Nakuru kumtunza paka wake.

Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake huko Glasgow, na hadi leo hakuna dawa ya kuviondoa mwilini. Huingia kwenye uboho, hupunguza damu, hudhoofisha kinga na wakati mwingine huleta saratani. Hata hivyo, kinachommaliza paka nguvu mara nyingi ni mambo yanayozuilika nyumbani: njaa, viroboto, baridi, kidonda cha mdomo kilichopuuzwa. Huko ndiko uelekeze bidii yako. Binadamu haambukizwi, wala mbwa, kwa hiyo usimtenge na watoto.

Hatua ya 1: Hakikisha jibu

Ugonjwa huu huwashika zaidi paka wachanga. Paka aliyekula chumvi nyingi huwa na ukinzani mkubwa kuliko mtoto, ndiyo maana kipimo cha haraka kikisema anavyo, omba damu irudiwe kwa kipimo kingine, hasa PCR ya maabara, kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Papo hapo apimwe wingi wa damu na figo, kwa sababu paka mzee anaweza kuwa anakonda kwa ajili ya figo tu.

Madaktari wengi wa huku kwetu kazi yao kubwa ni ng'ombe wa maziwa. Tafuta anayetibu paka na mbwa kila siku, aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muuzaji wa agroveti ni mtu wa msaada kwa mengi, ila hili usimwachie.

Hatua ya 2: Akae ndani

Asitoke tena. Nje ataumwa, atachukua maradhi ambayo kinga yake haiwezi kuyahimili, na atawaambukiza paka wa majirani kwa mate. Kama hajahasiwa, muulize daktari kama umri na damu yake vinaruhusu.

Hatua ya 3: Chakula kilichoiva, kisicho na kitunguu

Nyama mbichi, matumbo mabichi na mayai mabichi vyote vikome. Vijidudu ambavyo paka mzima hupambana navyo bila shida vinaweza kumlaza huyu. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Ugali hauna anachokihitaji. Paka huishi kwa nyama na samaki.

Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, na huyu tayari damu yake ni chache. Kwa hiyo mchuzi wa nyumbani hapewi hata kidogo. Ukinunua omena, zioshe mchanga wote, uzichemshe kwa maji matupu bila chumvi. Kama figo zina shida, omena zipungue sana, maana mifupa yake ina fosforasi nyingi. Kuku wa kuchemsha asiye na mifupa ni afadhali. Kwa kila siku, mimi napendelea chakula cha paka cha mkebe, kikiwa kimepashwa moto kidogo ili kitoe harufu. Paka mzee hula kwa pua.

Asipokula kwa saa 24, piga simu kwa daktari. Usingoje siku ya tatu: paka anayekaa na njaa hujaza mafuta kwenye ini, na hiyo ni hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Hatua ya 4: Kumpa dawa

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo soma polepole.

Usifiche kidonge kwenye chakula chake cha kawaida. Najua kila mtu hushauri hivyo, nami napinga kabisa. Akionja uchungu mara moja, anaweza kukisusia chakula hicho kwa muda mrefu, na chakula ndicho kitu ambacho huwezi kukubali kukipoteza. Pia usikisage kidonge kabla ya kumuuliza daktari. Vingine havifai kuvunjwa, na vingine vikisagwa huwa vichungu hadi paka anatoa povu mdomoni.

Kwanza, angalia ufizi. Ukiwa mwekundu sana, umevimba, au akilia anapopiga miayo, usimfungue mdomo kwa nguvu. Rudi uombe dawa ya maji, na uombe kidonda kitibiwe. Wengi wanaosema "paka wangu ni mkali, hapokei dawa" wana paka mwenye maumivu ya mdomo.

Mkunje ndani ya leso au taulo nene, kichwa tu kibaki nje, miguu ya mbele ikiwa ndani. Mweke mezani au mapajani, mgongo wake ukielekea tumbo lako. Kwa mkono mmoja shika kichwa kwa juu, kidole gumba na cha kati vikae kwenye pembe za taya. Inua pua itazame dari; taya ya chini italegea yenyewe. Kwa kidole cha mkono wa pili shusha meno madogo ya mbele, kisha dondosha kidonge katikati, nyuma kabisa ya ulimi. Kikiangukia pembeni atakitema. Funga mdomo, msugue koo taratibu. Akijilamba pua, amemeza.

Hujamaliza. Mpe maji kama mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo. Watu wengi huruka jambo hili. Kidonge kikavu kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma; doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inajulikana sana kwa hilo, na umio ukipata kovu hupungua upana hadi paka anashindwa kumeza chakula. Kama daktari amekuandikia doksisaiklini, maji baada ya kidonge ni lazima kila mara.

Dawa ya maji na uji wa chakula hupitia shavuni vilevile, lakini hapa kichwa kikae sawa, kisielekezwe juu, na usirushe moja kwa moja kooni. Kikiingia mapafuni atapata nimonia. Mpe kidogo, ngoja ameze, mpe tena. Paka anayetapika, aliyelegea sana au aliyepoa mwili asilishwe kwa bomba. Huyo apelekwe kliniki.

Panadol hapana. Paracetamol humuua paka, hata kipande cha kidonge. Dawa yoyote ya maumivu ya binadamu isimkaribie.

Hatua ya 5: Mzani na ufizi

Macho hudanganywa na manyoya, mzani haudanganywi. Mpime kila wiki, siku ileile, na uandike kwenye daftari. Mtie kwenye kiondo, kining'inize kwenye mzani mdogo wa mkono, kisha utoe uzito wa kiondo. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 200, hiyo ni asilimia 5 ya mwili wake.

Tazama ufizi kila siku. Ukigeuka mweupe au wa manjano, nenda kliniki. Akiwa amelala, hesabu pumzi: zikizidi 30 kwa dakika, mara kwa mara, mpigie daktari. Akihema mdomo wazi, nenda saa hiyohiyo.

Hatua ya 6: Viroboto na baridi

Viroboto hunyonya damu ambayo hana. Tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, basi. Baadhi ya dawa za mbwa na za kunyunyizia mifugo zina permethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unamtesa paka mkonde. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo inatosha. Jiko la makaa lisiachwe chumbani alimofungiwa.

Hatua ya 7: Paka wengine nyumbani

Wapimwe wote. Wasio na virusi wachanjwe na wakae mbali naye, kila mmoja na bakuli lake. Chanjo haimsaidii aliyeambukizwa tayari. Virusi vyenyewe hufa upesi nje ya mwili, kwa hiyo sabuni na maji yenye Jik vinatosha kwa vyombo na sakafu.

Hatua ya 8: Siku ya kuamua

Zungumza na daktari mapema kuhusu sindano ya kumpumzisha, paka akiwa bado ana nafuu. Uliza kama anaweza kuja nyumbani, na gharama ni ngapi. Andika mambo matatu anayoyapenda paka wako: kuota jua, kujilamba, kukupokea mlangoni. Yakiisha yote na matibabu hayayarudishi, usimvute siku kwa ajili yako. Ukimzika shambani, chimba shimo refu na ulifunike kwa mawe, kwa sababu dawa ya sindano hiyo hubaki mwilini na humdhuru mbwa atakayemfukua.