Kuunda meli ndogo ya mbao ya seti: usikimbilie gundi

Ukishafungua boksi tulia kwanza. Soma ramani yote, hesabu vipande, na vile vilivyokatwa kwa leza viache kwenye ubao wake mpaka siku utakayovihitaji maana vikishachanganyika kuvitambua ni kazi.

Anza na mkuku, ule uti wa mgongo wa meli chini kabisa. Ulaze kwenye meza iliyonyooka uangalie kama umepinda, ukiwa umepinda unyooshe hapohapo manake baadaye ndo basi. Mataruma, yaani mbavu za meli, yakae mraba kabisa na mkuku, pima moja moja, halafu piga msasa kingo zake hasa kule omo (mbele) na tezi (nyuma) ili ubao ukipita juu yake ulale vizuri, hapa ndo wengi wanaruka alafu wanashangaa ubavu una mabonde.

Mbao za ubavuni loweka kwenye maji kama nusu saa, kunja taratibu, bana zikauke na shepu yake ndo ubandike. Weka mmoja kulia mmoja kushoto, please usimalize upande mmoja kwanza, mkuku utavutwa upinde! Kuelekea omo punguza upana wa kila ubao, nafasi pale inabana. Mi gundi nyeupe ya mbao naipenda kuliko supaglu, inakupa muda wa kurekebisha.

Milingoti na kamba mwisho. Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki kwanza, vinyweleo vinalala na fundo linashika.