Kabla hujafungua ulichoshusha kwa torenti

Natengeneza kompyuta hapa Mwanza, na Debian (mfumo endeshi wa bure) ninazowawekea wateja nazishusha kwa torenti, yaani vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine. Huniuliza: unawaaminije watu usiowajua wanaokutumia vipande? Siwaamini, wala sihitaji. BitTorrent, njia hiyo ya torenti aliyoitoa Bram Cohen mwaka 2001, hulinganisha kila kipande na alama (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye kipande chenyewe) iliyoandikwa kwenye faili dogo la torenti. Kilichochezewa hutupwa, kinaombwa upya.

Kwa hiyo hatari imehamia kwenye hilo faili dogo. Lichukue debian.org, si kwenye kundi la WhatsApp. Mteja mmoja aliniletea flashi: jina la faili lile lile, alama tofauti kabisa.

Faili la Debian likishashuka, weka SHA256SUMS, orodha ya alama ya Debian, kwenye folda hiyo hiyo, fungua teminali uandike:

sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS

Subiri neno OK. Zamani nilikuwa nalinganisha kwa macho herufi nne za mwanzo na nne za mwisho kati ya 64 za alama. Uvivu mtupu huo.

Orodha yenyewe nayo ina sahihi ya kidijitali ya Debian, kwenye faili SHA256SUMS.sign. Ihakiki hivi:

gpg --verify SHA256SUMS.sign SHA256SUMS

Ufunguo wa aliyeweka sahihi, ambao gpg itakuonyesha, uulinganishe na uliotajwa kwenye tovuti yao.

Halafu, wanaoshusha nawe wanaiona anwani yako ya IP. Kwa Debian, waione tu, kuishusha ni halali.