Bunduki kuukuu ya kuwindia: namna ninavyoikagua kabla ya kununua na kuipiga mara ya kwanza

Nikitoka kambini Rungwa na kufika Manyoni, sikosi mtu ananisubiri na picha ya bunduki kwenye simu. "Kaka, hii unaionaje?" Picha hainiambii kitu. Kitako hupakwa vanishi jioni moja kikang'aa kama kabati la bibi harusi.

Juzi kijana alinionyesha Remington Model 8, ile inayojipakia yenyewe, kazi ya John Browning iliyoanza kuuzwa 1906. Chombo kizuri mno, lakini kwetu hauruhusiwi kuwinda na bunduki inayojipakia yenyewe. Nilimwambia atafute ya bolti, yaani ile unayovuta kipande cha chuma kwa mkono ili kupakia na kufunga. Mimi ni mtu wa Mauser ya mfumo wa 1898, hasa ya risasi ya 9.3x62 (kipenyo cha risasi na urefu wa ganda, kwa milimita). Risasi hiyo aliibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, akiwafikiria walowezi wa makoloni ya Kijerumani Afrika, nasi tukiwa mojawapo.

Hatua ya 1: karatasi

Muuzaji awe na leseni, na namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa. Isome juani, tarakimu moja moja. Niliwahi kwenda Singida mara mbili kwa sababu ya 3 niliyoisoma 8. Maombi yako nawe yaanzie serikali ya mtaa au kijiji, kisha polisi. Kabla ya kibali, usitoe hata kishika uchumba.

Hatua ya 2: mtutu na bolti

Hapa ndipo pesa yako ilipo, usikubali kuharakishwa.

Fungua bolti, tazama chembani, pale risasi inapokaa, uhakikishe ni tupu, kisha ingiza kidole. Macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Chomoa bolti, pitisha kitambaa kikavu, elekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango. Mifereji inayojizungusha ndani iwe na kingo kali. Ukiona duara jeusi kama pete sehemu moja, mtutu umevimba, aga uondoke. Vishimo vya kutu ni vya kawaida kwa bunduki za umri huu, maana fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) za risasi nyingi za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu. Vichache navivumilia. Mdomo wa mtutu uliogongwa sivumilii, kwa kuwa hapo ndipo risasi inapoaga.

Kwenye bolti, kagua meno mawili ya mbele yanayofunga: yasiwe na ufa, na yote yawe na alama ya kusuguana. Tazama pia kile kikucha kirefu cha pembeni kama kinashika vizuri ukingo wa risasi bandia. Halafu geuza kitako, utafute ufa nyuma ya bolti. Teke la miaka mingi hupasulia hapo.

Sefti, kile kifungo cha usalama, ijaribu bunduki ikiwa tupu. BRNO (bunduki za Kicheki) nyingi za zamani sefti yake iko kinyume: mbele ni salama, nyuma ni kufyatua. Mtu aliyezoea nyingine anaweza kujisahau mbele ya nyati. (Na kwa nyati, usishuke chini ya kipenyo cha inchi .375.)

Nafasi kati ya bolti na ganda la risasi haionekani kwa macho. Mpelekee fundi mwenye leseni aipime kwa geji.

Hatua ya 3: kupiga

Nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mapema asubuhi. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane ukishaamka, utailaumu bunduki bure. Vaa miwani na kinga ya masikio.

Piga moja tu, kisha okota ganda. Likiwa na mstari unaong'aa karibu na kitako chake, au fataki imechomoza, acha siku hiyo hiyo na urudi kwa fundi.

Likiwa safi, weka shabaha mita 50. Mfuko wa mchanga ukae chini ya ubao wa mbele, kamwe si chini ya mtutu. Bana kitako begani. Kipande cha risasi ya 9.3x62, cha gramu 18 na ushei, hakitoki kwa adabu. Piga tatu, acha mtutu upoe, ndipo urekebishe. Lengeo la nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, la mbele kinyume chake. Ukiridhika, hamia mita 100.

Kama risasi zilikuwa za kale, mimina maji ya moto kwenye mtutu jioni hiyo hiyo, kausha, paka mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi.