SOMO: Jinsi ya kuandika makala ya episodi moja kwenye Wikipedia ya Kiingereza bila kugeuzwa elekezo

Wadau, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Mbona makala yangu ya episodi imefutwa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamletea kiungo cha somo hili.

Kwanza, mara nyingi haijafutwa. Imegeuzwa elekezo, yaani msomaji akiibofya anapelekwa kwenye orodha ya episodi za tamthilia hiyo. Maandishi yako yote bado yamo kwenye historia ya ukurasa. Hakuna aliyeyachoma moto.

Hatua ya 1. Fungua akaunti.

Hatua ya 2. Hakikisha makala haipo tayari. Anzia kwenye orodha ya episodi za tamthilia yenyewe.

Hatua ya 3. Vyanzo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika msimu mzima, episodi 22, kwa siku nane. Nilikuwa natazama kila episodi mara mbili, daftari pembeni, hadi saa nane za usiku. Kila makala ilikuwa na sanduku la habari (lile jedwali dogo la pembeni), hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kiungo kimoja cha tovuti ya mashabiki. Siku ya tisa asubuhi nikafungua orodha ya kurasa ninazozifuatilia, nikakuta mistari 22 ya mhariri mmoja, yote ina maelezo yale yale: hakuna vyanzo huru. Nikazirudisha zote. Akazielekeza tena. Nikarudisha. Kuna kurasa nilizozirudisha mara nne ndani ya siku ile, na kanuni inasema mtu asizidishe marejesho matatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Jioni nikajikuta nimezuiwa kuhariri. Nilikasirika sana, lakini yule mhariri alikuwa sahihi kuhusu makala. Nilikuwa nimesimulia kilichotokea ndani ya hadithi tu. Hakukuwa na mstari hata mmoja kuhusu kilichotokea duniani kwa sababu ya episodi ile.

Chanzo huru ni mtu asiyehusika na tamthilia aliyekaa akaandika juu ya episodi hiyo yenyewe: mhakiki wa gazeti, mwandishi wa kitabu cha historia ya televisheni, mtafiti. Mahojiano na mwongozaji yanasaidia sana kwenye sehemu ya utayarishaji, lakini peke yake hayabebi makala, maana huyo anaizungumzia kazi yake.

Mfano ulio wazi ni episodi ya mwisho ya tamthilia ya Kimarekani M*A*S*H, iliyorushwa na kituo cha CBS tarehe 28 Februari 1983. Iliongozwa na Alan Alda, mwigizaji mkuu wa tamthilia hiyo, na ikatazamwa na watu wapatao milioni 105.9 nchini Marekani. Magazeti yaliiandika wakati ule, na vitabu vinaiandika mpaka leo. Hiyo ina makala yake bila ubishi. Sasa chukua episodi ya kumi na moja ya msimu wa pili wa tamthilia ambayo umaarufu wake umebaki kwa mashabiki wachache. Je, kuna aliyeiandika? Kama hakuna, mahali pake ni kwenye orodha, na si aibu.

ONYO: IMDb, ile tovuti ya taarifa za filamu na tamthilia, si chanzo cha kutegemea, kwa sababu sehemu kubwa yake hujazwa na watumiaji wenyewe. Wiki za mashabiki vivyo hivyo. Ratiba ya kituo inathibitisha tarehe ya kurushwa, haithibitishi umaarufu. Idadi ya watazamaji bila uhakiki nayo haitoshi.

ONYO la pili: usianze kuandika ukisema vyanzo utatafuta baadaye. Tafuta viwili vitatu vizuri kwanza. Ukivikosa kwa jioni nzima, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 4. Kubalianeni kabla. Ukitaka kuandika zaidi ya episodi moja ya tamthilia ileile, nenda ukurasa wa majadiliano wa tamthilia hiyo, useme unachokusudia na vyanzo ulivyonavyo, kisha subiri siku kadhaa. Wageni huiona hatua hii kama urasimu. Sivyo. Ugomvi wa episodi ulikuwa mkali kiasi kwamba kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 ulifikishwa mara mbili kwenye Kamati ya Usuluhishi, yaani wahariri waliochaguliwa na wenzao kuamua migogoro. Upande mmoja ulikuwa ukielekeza na kuunganisha makala kwa wingi, mwingine ukizirudisha kwa wingi. Kamati haikusema episodi gani ibaki na ipi iondoke, kwani hiyo si kazi yake. Iliwataka wahariri wakae pamoja wapatane. Viwango tulivyonavyo leo vimeandikwa na watu wa kujitolea waliobishana hadi wakafika mahali, na vinaendelea kubadilika kwa njia hiyohiyo. Una hoja ya kuvibadilisha? Ilete, nafasi ipo. Ila huwezi kubadilisha kanuni kwa kubofya kitufe cha kurudisha.

Hatua ya 5. Muhtasari wa hadithi. Usizidi maneno 400. Kwenye jedwali la orodha, usizidi 200. Andika kwa wakati uliopo: anaingia, anamkuta, anakimbia. Mwisho wa hadithi usiufiche, wala usiweke tahadhari kwamba unafichua siri. Hii ni kamusi elezo. Muhtasari hauhitaji tanbihi kwa sababu episodi yenyewe ndiyo chanzo, lakini chunga usianze kufasiri maana ya matukio. "Mama anaitazama pete, kisha anaitupa baharini" ni sawa, kila mtazamaji ameliona. "Mama anaitupa pete kwa kuwa amemsamehe mumewe" ni maoni yako, isipokuwa mhusika ametamka hivyo. Maoni ya namna hiyo yanatoka kwa mhakiki, na yanakaa kwenye sehemu ya mapokezi, yaani wahakiki walisema nini, pamoja na tanbihi.

Hatua ya 6. Utayarishaji, kisha mapokezi. Sehemu hizi mbili zikiwa nene kuliko muhtasari, uko njiani.

Hatua ya 7. Picha ya skrini usiipakie Commons, ile hifadhi ya picha inayotumiwa na Wikipedia zote, huko hazipokelewi kazi zenye hakimiliki. Anza bila picha.

Hatua ya 8. Chapisha, na ubaki karibu siku mbili tatu kujibu maswali.

Maswali karibuni.

---

mtazamaji_wa_usiku: Mkuu asante kwa somo. Naweza kukopi muhtasari wa tovuti ya kituo kisha nibadilishe maneno machache?

Mwandishi wa somo: Hapana. Maandishi hayo yana hakimiliki. Tazama episodi, andika mwenyewe.

mtazamaji_wa_usiku: Lakini mbona wengine wanafanya?

Mwandishi wa somo: Wakionekana huondolewa. Wewe usifanye.

kijana_kisauni: Makala yangu imeelekezwa jana. Nifanyeje?

Mwandishi wa somo: Una vyanzo gani?

kijana_kisauni: IMDb na YouTube

Mwandishi wa somo: Hatua ya 3, onyo la kwanza. Tafadhali soma kabla ya kuuliza, ndiyo sababu nimeliandika.

bi_zuhura: Mwalimu, shikamoo. Nimekwama kidogo. Naandika juu ya episodi ya Star Trek ya 1968, ile ya Kapteni Kirk na Uhura kubusiana. Vyanzo vingi vinasema ni busu la kwanza kati ya mtu mweusi na mzungu kwenye televisheni. Niandike hivyo moja kwa moja?

Mwandishi wa somo: Marahaba dada. Neno "la kwanza" ni la kuogopwa, na umefanya vizuri kusimama. Episodi hiyo ilirushwa na NBC tarehe 22 Novemba 1968, Nichelle Nichols na William Shatner wakiigiza. Ni kweli inatajwa hivyo mara nyingi, lakini kuna walioonyesha mabusu ya awali. Uingereza, kwa mfano, ITV ilirusha tamthilia yenye busu la namna hiyo mwaka 1962. Kwa hiyo usiseme wewe kama kamusi kwamba ni la kwanza. Andika kwamba *hutajwa mara nyingi* kuwa la kwanza kwenye televisheni ya Marekani, weka tanbihi ya anayesema, kisha aya inayofuata weka wanaopinga na sababu zao. Msomaji akiona ubishi wenyewe anapata zaidi kuliko kupewa rekodi tupu. Ukimaliza rasimu niletee, nitaisoma yote.

bi_zuhura: Nimefurahi sana. Sikujua kama ubishi nao unaweza kuwa sehemu ya makala.

Mwandishi wa somo: Kwa makala hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

msomi_wa_bara: Na tamthilia za kwetu? Naona kanuni hizi zinatubana. Magazeti yetu huandika juu ya waigizaji na tamthilia nzima, ni nadra kuhakiki episodi moja.

Mwandishi wa somo: Hoja ya kweli, na inaniuma hata mimi. Ushauri wangu ni kuanza na makala ya tamthilia yenyewe, iwe imara, halafu ndani yake weka jedwali la episodi. Maneno 200 kwa episodi si haba. Tena usisahau Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003. Kila Wikipedia ya lugha hupatana kanuni zake yenyewe, na huko sauti yako moja inasikika. Ukitafsiri makala kutoka Kiingereza, taja makala ya asili kwenye muhtasari wa hariri (kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha kabla ya kuhifadhi), leseni inadai hivyo.

msomi_wa_bara: Magazeti ya zamani ya karatasi yanakubalika?

Mwandishi wa somo: Yanakubalika kabisa. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni. Taja jina la gazeti, tarehe, ukurasa na kichwa cha habari.

kijana_kisauni: Samahani kwa jana, nimesoma lote sasa. Nimepata uhakiki wa magazeti mawili, ila kiungo kimoja hakifunguki.

Mwandishi wa somo: Hapo sawa kaka. Bandika anwani hiyo kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani za mtandao, huenda nakala ipo. Ikipatikana, weka anwani zote mbili kwenye tanbihi, ya asili na ya nakala. Na ule mwingine unaofunguka uhifadhi leo hii, usingoje ufe.

kijana_kisauni: Nimeupata, wa 2011. Naenda kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwanza.