Jinsi ya kuomba kuhamisha krediti kwenda shule ya uzamili ya theolojia: kwa waombaji wa Tanga

Kama una shahada ya theolojia, au ulianza uzamili mahali ukaukatisha, na sasa unataka kusoma katika shule ya theolojia ya Marekani, iwe kwa kusafiri au kwa njia ya mtandao ukiwa hapa hapa Tanga, usianze kwa kuchagua masomo. Anza kwa kupata uamuzi wa maandishi kuhusu krediti zako za nyuma. Nimewasaidia waombaji wa Korogwe, Muheza na Lushoto kujaza fomu hizi, na wanaoumia ni wale wanaojisajili na kulipa kwanza, kisha wanajikuta wanarudia Agano Jipya walilokwisha kulifaulu.

Krediti zenyewe hazilingani. Kwetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, kujisomea, kazi na mitihani. Marekani krediti 1 ni saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki kwa muhula wa wiki kama 15, yaani saa 45 hivi. Somo lao la krediti 3 ni saa 135, karibu krediti 13 au 14 za kwetu. Ukiandika tu kwamba una krediti 12 za Historia ya Kanisa, ofisi ya msajili inaweza kudhani umesoma masomo manne, au ikaona hesabu haieleweki na kuiweka fomu yako kando. Andika idadi ya saa pembeni ya kila somo.

Sasa mwandikie msajili wa chuo ulichosoma, uombe matokeo rasmi yatumwe moja kwa moja kutoka chuoni, kwa baruapepe ya chuo au kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Nakala uliyoiskani mwenyewe hutumika kwa maombi ya awali tu. Waliosoma Makumira ni vema waende wenyewe Usa River kama nauli ipo, maana barua huchelewa. (Chuo hicho kina asili yake kwetu: mafunzo yake ya theolojia yalianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kabla ya kuhamia Makumira.) Ikiwa chuo chako kimefungwa, anzia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuuliza kumbukumbu zako ziko wapi.

Hakikisha matokeo yanaonyesha ngazi ya alama, ambayo mara nyingi huchapwa nyuma ya karatasi. Nasisitiza hili kwa sababu limewapunguzia wengi nafasi bila wao kujua. Katika vyuo vyetu vingi A ya shahada ya kwanza huanzia 70 na B+ huanzia 60, na wastani huhesabiwa kwa 5. Kwao A huwa juu ya 90 na wastani ni kwa 4. Msomaji asiye na ngazi yetu mbele yake ataiona 72 yako kama C. Skani pande zote mbili.

Hatua nzito zaidi ni mihtasari ya masomo. Kwa kila somo unalotaka litambuliwe, tafuta muhtasari unaoonyesha mada, vitabu vilivyosomwa, kazi zilizoandikwa na saa. Kamati huamua kwa kulinganisha maudhui, na jina la somo peke yake halisaidii. Kama huna, mwombe mkuu wa kitivo. Usiuandike upya kwa kumbukumbu.

Kisha andika barua ya ombi, na hapa tofautisha mambo mawili. Kuhamishiwa krediti ni kwa masomo ya ngazi ya uzamili uliyokwisha kusoma. Shule nyingi hutaka uwe umepata angalau B, na masomo yasiwe ya zamani mno. Alama zake haziingii kwenye wastani wako mpya. Kusamehewa somo ni jambo jingine: umesoma Kigiriki au utangulizi wa Biblia katika shahada ya kwanza, basi unaomba uruhusiwe kuchukua somo la juu zaidi badala ya kurudia lile la mwanzo. Hapo kwa kawaida hupunguziwi idadi ya krediti, na unaweza kupewa mtihani. Wenye shahada ya kwanza ya theolojia wengi huomba la kwanza wakati haki yao ni la pili, wakakataliwa yote. ATS, chombo kinachoidhinisha shule za theolojia za Marekani na Kanada, kinataka M.Div. (Master of Divinity, shahada ya uzamili ya kuandaa wachungaji) isipungue krediti 72, kwa hiyo usitegemee shahada ya kwanza ikumalizie nusu ya safari.

Ambatisha barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya shule huikubali badala ya mtihani wa lugha, na ada ya TOEFL si ndogo.

Kuhusu tarehe ya mwisho: shule nyingi hufunga saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwa Tanga hiyo ni saa 1:59 asubuhi inayofuata wakati wa baridi yao, na saa 12:59 asubuhi kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Tuma siku mbili kabla. Umeme hauna ahadi.

Majibu yakija, jisajili kwa masomo unayoyamudu. Shule nyingi huhesabu krediti 9 kwa muhula kuwa za muda wote, na mwenye viza ya mwanafunzi hatakiwi kushuka chini ya kiwango hicho bila idhini. Mchungaji anayesoma kwa mtandao huku akihudumia usharika aanze na krediti 3. Kipindi cha kubadilisha masomo ni kifupi. Ukiacha somo baada yake, matokeo yatabeba W, yaani umejitoa. Ukiugua au ukifiwa, omba I (alama ya somo lisilokamilika) kabla muhula haujaisha, kwa maandishi, ukitaja tarehe utakayokabidhi kazi. Ukikaa kimya, I hiyo hugeuka F.

Na kabla hujalipa hata dola moja ya ada, ulizia TCU kama shule hiyo na shahada hiyo vitatambuliwa utakaporudi, hasa kama masomo yote ni ya mtandaoni. Jibu lao lihifadhi pamoja na barua ya krediti.