Sura moja, vipande 30

Ukitaka picha ya mtu yenye uhai, usimtafutie pozi moja kamilifu. Mwache aendelee na shughuli yake, tuseme anashona kifungo, halafu piga picha za vipande vidogo 20 au 30: jicho, pembe ya mdomo, kidole gumba kilichobana sindano, kola ya shati. Sogea hatua moja kila baada ya picha chache. Zichapishe, zitandaze mezani, uzipange mpaka sura ijitokeze. Kingo zisipokutana, ziache hivyo hivyo. Pale jicho linapojirudia ndipo mtazamaji anapohisi kwamba mtu huyu alikuwa akigeuka, akiwaza. Msanii Mwingereza David Hockney alifanya hivi mwaka 1982 kwa picha za Polaroid, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, na kwangu mimi ni miongoni mwa njia zinazomheshimu sana anayepigwa picha, maana hafungiwi katika sekunde moja.

Wachoraji nao wanaweza kutumia mpangilio huo kama rasimu. Anzeni na mikono, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hurekebisha uso wake, mikono huisahau.

Mwanga? Wa dirishani unatosha. Flashi izimwe.