Jinsi ya kupima mwitikio wa mwili kwa haidrojeli iliyopandikizwa

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye haidrojeli yake (mtandao wa polima uliojaa maji, ambao hapa chini nauita jeli) ilizungukwa na kovu nene kwa kila mnyama, akawa tayari kuitupa fomula nzima, ilhali kilichochochea kovu lile ni uchafu ulioingia pamoja na malighafi. Nachukulia kwamba msomaji anajua kutengeneza jeli na ana kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama.

Hatua ya 1: Panga siku za kuchukua sampuli

Protini za damu hunata juu ya jeli ndani ya dakika za mwanzo. Neutrofili, seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika, hutawala katika siku mbili za kwanza, kisha monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, hutoka kwenye damu na kugeuka makrofaji, yaani seli zinazomeza vitu vigeni. Makrofaji zinaposhindwa kumeza kitu kikubwa kuliko zenyewe, baadhi huungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na ishara zao huita fibroblasti, seli ambazo hutandaza kolajeni (protini ya nyuzi) hadi kifuko cha kovu kiifunike jeli, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne. Kwa hiyo chukua sampuli siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Anayechukua za mwisho pekee hupata kovu bila kujua lilikotoka.

Hatua ya 2: Pima endotoksini kabla ya kumgusa mnyama

Hapa ndipo miezi ya kazi hupotea. Endotoksini, uchafu wa aina niliyoitaja mwanzoni, hutoka kwenye utando wa nje wa bakteria wa Gramu hasi (kundi la E. coli), na makrofaji huitambua kupitia kipokezi cha TLR4, kisha huanzisha uvimbe ambao kwenye hadubini hauna alama ya kuutofautisha na ule unaosababishwa na jeli yenyewe. Otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo) ya nyuzi 121 huua bakteria lakini huiacha endotoksini ikiwa hai kikazi, na chujio la mikromita 0.22 huipitisha. Vyombo vya kioo vioke kwa nyuzi 250 kwa dakika 30. Alginati, gelatini na kaitosani, kwa kuwa hutokana na viumbe, zinunuliwe zikiwa zimesafishwa na kuandikiwa kiwango cha endotoksini, na hata hivyo zipimwe upya kila shehena inapobadilika.

Kwa upimaji napendelea kabisa faktari C iliyotengenezwa maabara (protini inayoamshwa na endotoksini) kuliko kipimo cha damu ya Limulus, mnyama wa baharini, kwa sababu hiki cha pili kinaweza kuamshwa pia na glukani (sukari ndefu kama zile za kuvu) na kukupa jibu la uongo. Pima polima ikiwa bado kimiminika, kwa maana endotoksini iliyonaswa ndani ya mtandao wa jeli haitoki yote kwenye maji ya kulowekea, ingawa mwili utakutana nayo jeli itakapovunjika. Tena, polima zenye chaji zinaweza kukizuia kipimo chenyewe: ongeza kwenye sampuli kiasi cha endotoksini unachokijua, na kama kipimo hakikirudishi kati ya asilimia 50 na 200, zimua sampuli na urudie, jibu la "hakuna" lisilo na uthibitisho huo halina thamani yoyote. Pima pia maji, bafa (myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi), kiunganishi cha polima, na hasa protini iliyozalishwa kwa E. coli. Kikomo cha yuniti 20 za endotoksini kwa kifaa kinachotumiwa Marekani kiliwekwa kwa ajili ya binadamu, hivyo kwa panya mdogo kisichukuliwe kuwa kinga. Andika yuniti kwa kila mililita ya jeli.

Hatua ya 3: Pandikiza

Weka chini ya ngozi ya mgongo, na kwa kila kundi uwe na jeraha tupu lisilowekewa kitu. Tumia panya wa ukoo wa C57BL/6, ambao hujenga kovu kwa nguvu. Wale wa ukoo wa BALB/c wanaweza kuisifia jeli isiyostahili. Umbo na ukubwa visibadilike kati ya makundi, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa tufe za alginati za milimita 1.5 zilipata kovu dogo kuliko zile ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Kata, paka rangi, pima

Toa jeli pamoja na tishu inayoizunguka. Jeli yenye maji zaidi ya asilimia 90 husinyaa katika alkoholi na kujitenga na kifuko, kwa hiyo pengo unaloliona kwenye slaidi halikuwepo mwilini. Alginati ya kalsiamu isioshwe kwa bafa ya fosfati, itayeyuka. Kwa rangi ya Masson kolajeni huwa ya buluu. Pima unene wa kifuko upande wa ngozi na upande wa misuli kila mmoja peke yake, na apimaye asijue slaidi ni ya kundi gani.

Ukipaka kingamwili za CD86 na CD206 (alama za juu ya makrofaji, ya kwanza ikihusishwa na uchochezi na ya pili na uponyaji), usizigawe makrofaji katika kambi mbili, ya uchochezi na ya uponyaji. Seli nyingi kando ya jeli hubeba alama zote mbili kwa pamoja, na idadi ya seli za namna hiyo inastahili safu yake katika jedwali.